Mpira umeshasema: kutafuta kasoro ya swingi ya gofu kwa kufuata dalili

Mtu wa kwanza kunionyesha tatizo la swingi yangu, yaani ninavyozungusha fimbo, hakuwa ananiangalia mimi. Kedi wangu, mbeba fimbo zangu, alikuwa amechuchumaa anatazama chini, pale nilipotoka kupiga ayani namba 7, moja ya zile fimbo za kichwa cha chuma. Mpira ulikuwa umeshapotelea kulia, kwenye miembe. Lakini kovu nililoacha kwenye nyasi lilielekea kushoto kabisa, kama mshale wa kumwonyesha mgeni choo kiko wapi.

"Mzee," akasema bila kuinuka, "wewe unalima."

Nilikuwa nimetumia miezi mitano nikihangaika na kichwa. Kila niliyecheza naye aliniambia nisiinue kichwa, nami nikakishikilia kichwa hadi shingo ikakakamaa, na mpira ukaendelea kwenda kwenye miembe. Kumbe kovu lile lilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, ila sikuwahi kuinama kulitazama.

Ndivyo mwongozo huu utakavyokwenda. Swingi huwezi kuiona ukiwa ndani yake, na hata rafiki anayekutazama anaona mikono na kichwa tu, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Mashahidi wa kuaminika ni watatu: mpira ulivyoruka, alama iliyobaki kwenye uso wa fimbo, na kovu lililobaki ardhini. Waulize hao kabla hujabadilisha chochote. Mimi napiga kwa kulia na ndivyo nitakavyoeleza. Kama wewe ni wa shoto, geuza kila "kulia" iwe "kushoto".

## Kwanza, jinsi ya kusoma mpira

Mpira una mambo mawili ya kukuambia, na wengi wetu tunayachanganya: ulianzia kuelekea wapi, kisha ukakunja kuelekea wapi.

Ulikoanzia kunakuambia uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi ulipougusa mpira. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, uso peke yake unaamua kama asilimia 85 ya mwelekeo wa mwanzo, na kwa ayani kama asilimia 75. Njia iliyopitia fimbo inachangia kidogo kilichobaki. Kukunja kunatokana na tofauti ya hivyo viwili. Uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mpira unakunja kulia. Ukitazama kushoto kwa njia hiyo, unakunja kushoto. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kinyume chake, kwamba mpira huanzia kwenye njia kisha hufuata uso, mpaka rada za kupimia mpira zilipoingia viwanjani miaka ya 2000 na kumaliza ubishi. Ukikutana na mzee klabuni anayeng'ang'ania ile elimu ya zamani, mheshimu, mnunulie soda, halafu fuata mpira wako.

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde. Hakuna binadamu anayeweza kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Chochote unachotaka kiwe sawa pale kwenye mpira lazima kiwe kimewekwa sawa mapema, na mara nyingi ni kabla fimbo haijasogea hata kidogo: kwenye mshiko, kwenye kusimama, na mahali ulipouweka mpira.

Nunua kopo la poda ya miguu ya kupuliza. Puliza uso wa fimbo, piga, na utaona doa la mpira limebaki pale ulipogusia. Ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mchezo huu wa gharama.

## Mpira unaanza vizuri, kisha unakunja kulia

Hii ndiyo slaisi, malaria ya gofu. Karibu kila anayeanza anaipata, wengine wanaishi nayo maisha yao yote.

Kabla ya kugusa swingi, tazama doa la poda. Kama kwa draiva doa liko upande wa kisigino cha fimbo, karibu na shingo, basi sehemu ya slaisi yako inatoka hapo hapo. Mpira unaogusa kisigino hukizungusha kichwa cha draiva kidogo, nao hupata mzunguko wa kuukunja kulia hata kama swingi ilikuwa safi. Unaogusa nchani huelekea kukunja kushoto. Nimeona watu wakilipia masomo ya wiki sita kwa tatizo lililohitaji kusogea nyuma nusu hatua.

Doa likiwa katikati, nenda kwenye mshiko. Tazama mkono wako wa kushoto ukiwa umesimama tayari kupiga. Unaona vifundo vingapi vya vidole? Ukiona kimoja, au huoni hata kimoja, mshiko wako ni dhaifu na uso utafika kwenye mpira ukiwa wazi, yaani unatazama kulia. Zungusha mkono kuelekea kulia hadi uone viwili, au viwili na nusu. Na fimbo ikae kwenye mashina ya vidole, siyo kwenye kiganja. Fikiria unavyobeba ndoo ya maji: hakuna mtu anayebeba ndoo kwa kiganja, kamba inajipeleka yenyewe kwenye vidole. Iache fimbo ikae hapo hapo. Kwa wiki mbili utahisi kama umeshika nyoka. Usirudi nyuma.

Jinsi vidole vinavyoungana ni hiari yako. Wengi hulaza kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya kushoto, mshiko unaobeba jina la Harry Vardon, bingwa mara 6 wa mashindano ya Open ya Uingereza. Mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods hufunganisha vidole. Wenye mikono midogo wanaweza kushika kwa vidole vyote kumi. Hiyo haiponyi wala haisababishi slaisi, kwa hiyo usipoteze siku nzima hapo.

Mshiko ukiwa sawa na slaisi bado ipo, rudi ardhini. Kovu linaelekea kushoto kwa shabaha? Basi umefika nilipokuwa mimi. Unalima.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kasoro niliyoiona kwa watu wengi kuliko nyingine yoyote, na naamini kwetu ina mizizi. Mtu aliyekua na jembe mkononi anajua njia moja ya kushusha kitu kizito kwa nguvu: unakipandisha juu ya bega, unakivuta chini kwa mikono na mabega, kiuno kinakunja mbele. Ukisimama mbele ya mpira na kutaka kuupiga kweli kweli, mwili unakwenda kuchukua ujuzi ule ule. Bega la kulia linatoka nje kwanza, fimbo inapita nje ya mstari, inakatiza mpira kuelekea kushoto, na uso ukiwa wazi kidogo tu, mpira unazunguka kama pia kuelekea kulia.

Sasa kumbuka chombo kingine: fyekeo. Aliyesoma shule ya serikali amelishika fyekeo, na wengi wamelishika kama adhabu. Hakuna anayefyeka kutokea juu ya bega. Unazungusha kiuno, mkono unafuata, na kipande cha chuma kule mwisho kinakuja nyuma ya vyote, kikipita chini sambamba na ardhi kwa kasi kuliko mkono wenyewe. Kifundo cha mkono kimelegea. Ukikikaza, nyasi hazikatiki na kesho yake bega linauma. Huo ndio mpangilio wa swingi ya gofu kuanzia chini kwenda juu: kiuno, kifua, mikono, na kichwa cha fimbo mwisho.

Nilijifunza upya kwa kufyeka. Chukua ayani namba 8, tumia mkono wa kulia peke yake, bila mpira, na pitisha fimbo kwenye ncha za nyasi mara ishirini kana kwamba unafyeka uwanja wa mpira wa miguu. Sikiliza mvumo wake: unapaswa kusikika mbele ya pale mpira ungekuwa, siyo nyuma yake. Kisha ongeza mkono wa kushoto. Kisha weka mpira kwenye tii fupi, kile kijiti cha kuinulia mpira, na upige kwa nusu ya nguvu. Ukirudi kwenye jembe utajua mwenyewe, maana bega la kulia litakuambia.

Kwa wanaotaka ushahidi mkali zaidi: weka kifuniko cha draiva ardhini, upana wa kiganja nje ya mpira na nyuma yake kidogo. Ukishuka kwa jembe unakipiga kifuniko.

Kuna mtego mmoja wa mwisho kwenye slaisi. Mtu akiona mpira unakwenda kulia, anasimama akielekea kushoto ili kufidia. Kusimama hivyo kunaipeleka njia ya fimbo kushoto zaidi, na slaisi inakua. Wiki ijayo anageuka kushoto zaidi tena. Nimecheza na mzee mmoja ambaye, ukisimama nyuma yake, ungedhani anapigia shimo la jirani. Laza fimbo mbili ardhini, moja ikielekea kwenye shabaha, nyingine sambamba nayo kwenye vidole vya miguu, ndipo ujue unasimama wapi kweli. Utashangaa.

## Mpira unakunja kushoto

Makedi wana mzaha wao: kasoro hii (hook kwa Kiingereza) inaitwa huku, kwa sababu ulitaka mpira uende kule, ukaja huku.

Ni ugonjwa wa mtu aliyepona slaisi akazidisha dozi. Vifundo vitatu au vinne vinaonekana kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeingia chini ya fimbo, na njia imetoka ndani mno kwenda nje. Bingwa Ben Hogan aliteseka nayo miaka mingi kabla hajaulegeza mshiko wake kuelekea kushoto, kwa hiyo uko kwenye kundi zuri. Rudisha mkono wa kushoto kifundo kimoja, na hakikisha kiuno hakisimami pale unapogusa mpira. Kiuno kikisimama, mikono hugeuka peke yake na uso unafunga mlango.

## Mpira umenyooka, lakini umenyookea pembeni

Hapa uso na njia vinakubaliana, ila vyote viwili vimekosea anwani. Mara tisa kati ya kumi ni kusimama vibaya, na dawa ni zile fimbo mbili za ardhini.

Ile mara ya kumi ni fimbo yenyewe. Wengi wetu tumeanza na seti ya mtumba iliyotengenezwa kwa mtu mwenye urefu mwingine. Tazama kovu. Likiwa na kina zaidi upande wa ncha ya fimbo, kichwa cha fimbo kinalala mno kwa mwili wako na mpira utaelekea kulia. Likiwa na kina upande wa kisigino, kimesimama mno na mpira utaelekea kushoto. Ayani nyingi zinaweza kupindwa digrii moja au mbili na fundi wa klabu mwenye mashine. Usikubali apindie mlangoni. Mimi nilikubali, na ayani namba 5 yangu sasa inasimamisha nyanya shambani.

Na ukiwa hapo hapo, papasa gripi, sehemu ya fimbo unayoshika. Ikiwa imeteleza na kung'aa kama sabuni, utaibana kwa nguvu ili isikutoke, na kubana huko kutakuletea nusu ya matatizo yaliyomo kwenye ukurasa huu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, au ibadilishe.

## Unapiga udongo kabla ya mpira, au unaupiga mpira utosini

Watu huyachukulia haya kama magonjwa mawili. Ni mtoto na pacha wake. Fimbo huchora duara, na duara lina sehemu yake ya chini kabisa. Kwa ayani, sehemu hiyo inatakiwa iwe mbele ya mpira: fimbo inagusa mpira kwanza ikiwa bado inashuka, kisha inachukua nyasi. Sehemu ya chini ikija nyuma ya mpira, una chaguo mbili mbaya. Ama unachimba udongo, ama mwili unahisi hatari, unajinyanyua, na fimbo inaukuta mpira utosini.

Ndiyo maana "usiinue kichwa" haiponyi. Kichwa kinainuka kwa sababu kiwiliwili kimeinuka, na kiwiliwili kimeinuka kwa sababu nyonga zimesukumwa kuelekea kwenye mpira na mikono imekosa nafasi. Ukikishikilia kichwa bila kurekebisha nyonga, unachopata ni shingo mbovu.

Uliza maswali haya kwa mpangilio. Uzito wako uko wapi baada ya kupiga? Ukimaliza swingi na mguu wa kulia bado unaweza kukanyaga sisimizi, hujahamia kushoto. Ulipomaliza, kisigino cha kulia kilitakiwa kiwe juu na soli nzima ionekane na aliye nyuma yako. Pili, mpira uko wapi? Kwa ayani fupi, katikati ya miguu. Kwa ndefu, mpira mmoja au miwili mbele ya hapo. Tatu, na hapa ndipo panapouma: unajaribu kuunyanyua mpira? Uso wa ayani namba 7 umelala nyuma kwa mlalo wa digrii 30 hivi. Mlalo huo ndio unaonyanyua. Ukijaribu kusaidia kwa kuchota kama unayechota mchuzi, unarudisha uzito nyuma na duara linarudi nyuma nawe.

Zoezi: chora mstari wa chokaa au unga kwenye nyasi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, na piga bila mpira. Kovu lianzie kwenye mstari na liende mbele yake. Piga kumi, songa hatua moja kila mara ufuate mstari. Ukifika mwisho geuka utazame nyuma, na mstari wako utakusomea hukumu bila upendeleo. Kisha rudisha vipande vya nyasi mahali pake, mtunza uwanja naye ana roho.

Onyo kuhusu mikeka ya mazoezini. Kwenye mkeka, fimbo inayogusa sentimita 4 nyuma ya mpira huteleza na kuupiga mpira vizuri tu. Unarudi nyumbani ukijiona fundi. Jumamosi kwenye nyasi, hasa baada ya mvua za masika udongo ukiwa umelainika, swingi ile ile inachimba kaburi.

## Shenki

Wengine hawaitaji kwa jina, wanaiita "ile kitu". Mpira unagusa shingo ya fimbo na kuruka kulia, karibu nyuzi tisini, ukimfuata mtu aliyedhani amesimama salama.

Sababu ya kawaida ni uzito kukimbilia kwenye vidole vya miguu wakati wa kushuka, na mikono kusukumwa nje. Na tiba ambayo kila mtu anaifikiria, kusogea mbali na mpira, mara nyingi inaongeza ugonjwa: ukiwa mbali unaunyooshea mpira mikono, ukinyoosha unaangukia vidole, ukiangukia vidole shingo inatangulia. Simama ukihisi uzito kwenye kamba za viatu, katikati ya unyayo. Weka mipira miwili sambamba, nafasi ya kidole kati yao, lenga ule wa nje, kisha shuka na upige wa ndani peke yake. Ukipiga yote miwili, umeiona shenki yako kwa macho.

Nyanda za juu za Kenya na Tanzania kuna mshtakiwa wa pili: nyasi za Kikuyu. Ni nyasi za huku huku Afrika Mashariki zilizosambaa duniani na jina lao, zina shina nene linalotambaa, na kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, hushika shingo ya fimbo na kuizungusha. Mtu anafanya swingi safi na mpira unatoka upande usiotarajiwa. Kwenye nyasi hizo chukua weji, fimbo fupi yenye uso uliolala sana, ishike kwa uthabiti zaidi kidogo kwa vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, shuka kwa wima zaidi, na usiwe na tamaa ya umbali.

## Draiva inapaa kama tiara

Kichwa cha draiva kina alama nyeupe juu kwenye rangi. Umepita chini ya mpira. Panga tii hivi kwamba nusu ya mpira ionekane juu ya ukingo wa draiva, weka mpira mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto, na bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto. Draiva haishuki kwenye mpira kama ayani. Inaufagia ikianza kupanda. Ukiendelea kuupaisha baada ya hapo, rudi kwenye sehemu ya jembe.

## Umbali umepotea

Kabla hujailaumu swingi, jiulize uko wapi. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri mbali zaidi kuliko ufukweni. Kwa hesabu ya kawaida si chini ya asilimia 6. Mchezaji wa klabu ya Muthaiga, Nairobi, akishuka kucheza Nyali, Mombasa, ayani namba 7 aliyoizoea kwa mita 140 inaweza kuishia 130, na kwa siku tatu atakuwa anabadilisha swingi isiyo na kosa. Na hewa ile nzito ya pwani ina adhabu ya pili: slaisi inakunja zaidi kuliko kule juu. Jambo la ajabu ni kwamba unyevu wenyewe hauna lawama, kwa kuwa hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachokula mita zako ni kuwa usawa wa bahari. Ongeza na Kusi au Kaskazi usoni, na hata mpira mzuri unaonekana umechoka.

Kama hukusafiri, rudi kwenye poda. Mpira unaogusa sentimita 2 nje ya katikati hupoteza umbali mwingi kuliko unavyoweza kuufidia kwa misuli. Doa likiwa katikati, kagua unavyobana fimbo. Ukiiona mishipa ya mkono imetuna, kichwa cha fimbo hakiwezi kufyatuka. Mwisho kabisa ndiyo uulize mwili: je, nyonga bado zinazunguka kama zamani? Baada ya miaka ya kukaa ofisini, kiti kinakuwa kimekula digrii kadhaa. Ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke kidogo unapopandisha fimbo, na utarudishiwa baadhi.

## Mwili unauma

Maumivu upande wa ndani wa kiwiko mara nyingi ni kubana na kupiga mikeka migumu kupita kiasi. Mgongo wa chini ukiuma baada ya kila mzunguko, nyonga hazizunguki na mgongo unafanya kazi yao. Maumivu makali kwenye kiganja, chini ya kidole kidogo cha mkono ulio juu kwenye mshiko, baada ya kupiga mzizi au udongo mgumu, yapeleke hospitali upigwe picha, maana kuna kifupa pale kinachovunjika kimya kimya.

## Mazoezini safi, Jumamosi vurugu

Hii siyo kasoro ya swingi, ingawa ndiyo inayovunja swingi nyingi, kwa sababu mtu anarudi Jumatatu na kubomoa kilichokuwa kizima.

Mazoezini ulipiga ayani namba 7 mara hamsini mfululizo kuelekea uwanda mtupu. Kwenye mashindano unapiga draiva, unatembea dakika tano, unapiga weji, unasubiri kundi la mbele, unapiga fimbo nyingine. Hayo ni mambo mawili tofauti. Fanya mazoezi ukicheza viwanja kichwani: draiva, kisha ayani, kisha weji, hakuna fimbo kupigwa mara mbili mfululizo, na kila mara rudi nyuma ya mpira uchague shabaha upya. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwenye mchanga wa pwani ya Hispania akiwa na ayani namba 3 peke yake, akiilazimisha ifanye kazi za fimbo zote. Mikono iliyolelewa hivyo haishtuki ikikuta jambo jipya.

Kinachoharibika kwanza kwa woga ni mwendo. Wachezaji wengi wa kulipwa hupandisha fimbo kwa muda wa kama mara tatu ya ule wa kuishusha, na uwiano huo haubadiliki sana hata wanapopiga taratibu. Wetu hubadilika pale tu watu wanapotutazama: kupandisha kunakuwa kwa haraka, kushusha kunakuwa kwa jembe. Mimi huhesabu kimoyomoyo, moja-mbili-tatu napandisha, nne nimepiga. Wengine hutumia jina refu la mtoto.

Kama una simu, mwombe mwenzako akurekodi kwa mwendo wa polepole, simu ikiwa kwenye kimo cha mikono yako, nyuma yako, ikitazama kwenye shabaha kwa mstari wa vidole vya miguu. Ikisogea nusu hatua kushoto au kulia, video itakudanganya kuhusu njia ya fimbo. Rekodi swingi tatu za mazoezini na tatu za kwenye mchezo halisi, ziweke pamoja, na utafute tofauti moja. Moja tu, na uifanyie kazi wiki mbili kabla ya kutafuta ya pili. Yangu, mara ya mwisho nilipotazama, ilikuwa bega la kulia, limeanza tena kutangulia kwenye shimo la kwanza, pale wanachama wanapokaa barazani na chai zao. Kedi aliponikabidhi draiva siku ile aliinama kidogo na kuninong'oneza neno moja tu: "Fyeka."